Tembo Asiye na Upepo

Mombasa nzima, kuanzia Kuze mpaka Shanzu wanakoishi watu wenye bustani, hakuna sikio linalosikia kama langu. Sijisifu. Nasema tu, kama mtu anavyosema kwamba jua linachoma. Niimbie ukiwa chumba cha pili, nitakwambia mchana ulikula nini. Mkwaruzo haunipiti, kasoro hainipiti, na hajazaliwa bado mwimbaji atakayenificha pumzi yake. Ndiyo sababu baraza la mji lilinipa muhuri na cheo cha Sikio wa kata ya Kuze kabla sijaota ndevu za maana. Mama yangu kule Wundanyi, bara kwetu, hakushangaa hata kidogo. Alisema mtoto huyu tangu zamani alikuwa akisikia kifuniko cha sufuria kikifunuliwa nyumba ya tatu, na akifika kabla wali haujapoa.

Kazi yenyewe ni hivi. Tangu nyumba za mji zipakwe rangi ya sauti, spika zimekwenda kukaa makumbusho pamoja na simu za waya. Siku hizi ukuta ndio unaoimba. Rangi inapata umeme kidogo, inatetemeka, na wimbo unatoka kona hadi kona utadhani nyumba imekumbuka jambo la kuchekesha. Lakini mji ambao kila ukuta una mdomo unahitaji adabu. Wiki za kwanza, jamaa mmoja wa Majengo alimwekea mama mkwe wake jogoo ukutani, akamwacha awike kutwa nzima. Baada ya hapo ikatoka amri: wimbo haupandi ukutani mpaka Sikio wa kata ausikilize na kuupiga muhuri. Kuze, Sikio ni mimi, Mwadime. Ukinitaka nifuate juu, kwa maana ghorofa za chini tuliwaachia bahari na kaa.

Bi Mishi alikuja kwangu Jumatatu, akivuka daraja la mbao linalounganisha roshani za mtaa wetu, buibui ameliinua lisilowe. Huyu ndiye mwimbaji wa harusi za Kuze. Ameimba harusi za watu ambao sasa wana wajukuu, na safari hii harusi ilikuwa yake: binti yake Fatiha alikuwa anaolewa Ijumaa na Badi, mzamiaji anayeziba nyufa za ukuta wa bahari, kijana mwenye mabega ambayo mlango ukiyaona unatamani kujipanua. Bi Mishi alitaka kumlaki mkwewe kwa wimbo. Nani mwingine angemwimbia?

Kikwazo kilikuwa Zeze. Bi Mishi alikuwa bado anarekodi kwa Zeze, programu ya enzi za bibi zetu, ambayo kila ukibonyeza kitu inakuuliza kama una hakika, kama shangazi mwenye shaka na mchumba wako. Mimi nilitaka ahamie Hariri. Kwa Hariri unavaa ukosi mwembamba shingoni, unaimba, unakunywa maji, na kabla bilauri haijarudi mezani wimbo umekamilika, ngoma zimepangwa, udi umekaa mahali pake. Kata nzima niliihamisha mimi, mwimbaji mmoja mmoja, kwa ulimi wangu huu mtamu. Alibaki yeye.

Akasema barazani watu wanabishana kila siku, wengine wanaapa kwamba Zeze ina sauti nzito na Hariri ina sauti nyepesi, wengine wanaapa kinyume chake, na yeye hataki harusi ya mwanawe iwe uwanja wa majaribio.

"Bi Mishi," nikamwambia, "sauti ni hesabu. Zeze ikijumlisha mbili na mbili inapata nne. Hariri ikijumlisha mbili na mbili inapata nne. Ile inaipata kwa mkongojo, hii inaipata kwa mbio. Nne ni nne."

Nikamwonyesha. Nilichukua ngoma na zumari za wimbo wake wa zamani, nikazipitisha kwenye Zeze, kisha nikazipitisha kwenye Hariri. Halafu nikazisawazisha ukubwa wa sauti, na nakala moja nikaigeuza kichwa chini: pale wimbi linapopanda, likawa linashuka. Nikazicheza zote mbili kwa pamoja. Mizani hii ya mafundi sauti ni ya tangu zamani na haimpendelei mtu, kwa sababu vinavyolingana vinauana, na kinachobaki ndicho tofauti. Ukuta wangu ukanyamaza. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Ukuta ukazidi kunyamaza. Tulichosikia ni kaa wakitambaa kule chini.

Nikamweleza pia kwa nini watu wanaapa kwamba Hariri ni tamu. Inatoa wimbo ukiwa na sauti kubwa kidogo, kidogo tu, na sikio la binadamu, ukitoa langu, likipewa kitu kilichozidi huo udogo hukiita kitamu. Ukizisawazisha, utamu wote unayeyuka.

Bi Mishi aliutazama ukuta ulionyamaza, kisha akanitazama mimi. "Basi kama ni sawasawa, baba, mbona wanitoa kwenye Zeze yangu?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema Hariri ina jambo moja la ziada, inafagia. Akauliza inafagia nini. Nikasema taka, yaani vumbi la sauti, feni ya jirani, mate yanayopasuka mdomoni, upepo unaogonga kinasa. Akauliza mfagiaji huyo kajuaje lipi taka na lipi mali ya mtu. Nikamjibu kwamba Hariri imefundishwa kwa sauti za mamilioni wanaosema Kiswahili, kutoka hapa mpaka Kisangani.

"Mamilioni hao," akasema, "mimi simo."

Tukacheka wote wawili, mimi zaidi. Akavaa ukosi, akaimba, na nisimpunje, aliimba kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyofungwa mwaka mzima. Ulikuwa wimbo wa kina cha -mbo mwisho wa kila mstari, na katikati mna pete, mna kope za bibi harusi, mna taa ya ukumbini. Penye kilele akampokea mkwewe hivi:

Amekuja kwa urembo, Badi na nguvu za tembo.

Niliusikiliza tena kutoka ukutani kwa sikio hili hili ninalokusimulia. Ulikuwa laini, safi, hauna hata unywele. Nikapiga muhuri.

*

Jumanne adhuhuri kuta za Kuze ziliimba, na mtaa ukacheka. Nikadhani ni furaha. Nilitoka kwenye roshani nikapunga mkono kama mpishi aliyeitwa na wageni. Sikugundua kwamba vijana wa rika langu walikuwa wakicheza tu, na waliokuwa wakicheka ni watu wazima, na kwamba mabibi walikuwa wamejiziba midomo kwa ncha za leso.

Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika kwa akina Badi. Baba yake, Mzee Famau, mpika halua ambaye mkono wake unajulikana mpaka Lamu, alituma watu kusema kwamba hakumlea mwanawe ili aje aitwe mlevi na mama mkwe, tena kwa kinywa cha kila ukuta wa mtaa. Mimi habari ilinifikia vipande vipande, na kila aliyenieleza nilimwomba arudie. Sikuwa ninaelewa. Tembo ni tembo. Ana mkonga, ana masikio, kidogo tunafanana kazi.

Bi Mishi alikuja mwenyewe kunielewesha. Hakubisha hodi. Alinikamata mkono, akakiweka kiganja changu mbele ya mdomo wake, akalitamka neno lile akiwa na maana ya mnyama. Upepo ukanipiga kiganjani kama mtu aliyezima mshumaa. Akalitamka tena akiwa na maana ya ile pombe ya mnazi. Kiganja kikabaki kikavu.

"Sasa weye niambie," akasema. "Mimi niliimba lipi?"

Nikaweka kiganja mbele ya mdomo wangu mwenyewe, nikajaribu. Tembo. Tembo. Mnyama hana upepo, pombe haina upepo. Sisi wa Wundanyi, na vijana wengi wa mji siku hizi, tembo wetu wote wanalala zizi moja. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ndovu, neno lisilo na ugomvi na mtu. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema kina ni -mbo, na hajafika mahali pa kuharibu kina kwa sababu ya uziwi wa watu.

Lililolifanya tusi lichome ni kwamba lilikuwa na pa kushika. Zamani kidogo Badi aliwahi kuonekana upande wa bara, chini ya minazi, na kata ya kifuu mkononi, na haikuwa kata ya maji. Aliacha. Baba yake alimwapisha, na Fatiha alimkubali akijua yote. Sasa kuta zilikuwa zimetangaza kwamba nguvu za Badi zinatoka kwenye mnazi, na anayetangaza ni mama wa mchumba. Hata hivyo Mzee Famau hakutaka makubwa. Bi Mishi aombe radhi Ijumaa mbele ya wazee, kabla ya nikaha, na jambo liishe. Asipoomba, hakuna nikaha.

"Kwa nililosema nitaomba radhi hata kwa punda," Bi Mishi akaniambia. "Kwa nisilosema, radhi sina." Kisha akanipa kazi: nitafute pumzi yake imekwenda wapi. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyesahau mwavuli kwangu.

Nilipobaki peke yangu nilicheka. Nilikuwa na hakika kwamba pumzi hiyo hakuitoa, kwamba umri umemfika kinywani na hajui. Nikachukua sauti yake mbichi, ile iliyotoka kwenye ukosi kabla ya lolote kuigusa, nikaipitisha kwenye Zeze pamoja na ngoma na udi ule ule. Nikaiweka mbele ya ile iliyotoka Hariri. Moja nikaigeuza kichwa chini. Nikacheza, nikaegemea kiti, nikasubiri kimya changu.

Ukuta ukapumua.

Sina neno jingine la kulielezea. Ngoma zilikuwa zimekufa, udi umekufa, sauti yake yote imekufa, na ndani ya kaburi hilo zilibaki pumzi ndogo ndogo, moja hapa, moja pale. Nikafuata maneno kwa kidole. Penye pete, pumzi. Penye kope, pumzi. Penye taa, pumzi. Penye urembo, kimya. Na penye tembo ikatoka moja kubwa, nzuri, ya mtu anayemwita mnyama mkubwa kwa heshima zake.

Basi hariri ni kitambaa laini, lakini pia ni kitenzi. Mimi siku zote nilikuwa nimesikia kitambaa tu. Hesabu haikukosea, nne zilikuwa nne. Lakini kabla ya kujumlisha, programu ilipita na ufagio, na ufagio huo ulikuwa umefundishwa na mamilioni ya watu kama mimi, ambao kwetu upepo ndani ya neno si kitu. Kisicho kitu ni taka. Tena ufagio una kipimo, unaweza kuuacha ulale kabisa ukitaka, na mimi kwa kupenda usafi niliusukuma mpaka mwisho tangu siku ya kwanza, nikawafundisha na wengine wafanye vivyo hivyo. Nikafungua nyimbo nyingine nilizozipiga muhuri, moja baada ya nyingine, nikazigeuza. Zote zilipumua. Kwaya, kasida, nyimbo za kuwalaza watoto. Kata nzima nilikuwa nimeinyoa, na watoto wanaojifunza kusema kwa kusikiliza kuta za nyumbani kwao wanajifunza kutoka kwa zilizonyolewa.

Nikazima, nikakaa, nikapima. Sikuwa na shaka kwamba ninajua kupima. Upande mmoja palikuwa na ukweli, na ukweli ulikuja na msafara: waimbaji wote mlangoni kwangu wakidai pumzi zao, muhuri kurudi kwa baraza la mji, na Sikio wa Kuze kuchekwa kutoka roshani hii mpaka ile na wale wale aliokuwa akiwacheka. Upande wa pili palikuwa na mama mmoja mtu mzima na neno moja la radhi. Alitamke, Fatiha aolewe, Badi aoe, halua iliwe. Baadaye, nikajiambia, baadaye kimya kimya nitashusha ufagio, nitarekebisha nyimbo, na hakuna atakayejua kwamba kuliwahi kuwa na kosa. Kuna ubaya gani? Nikageuza mizani hii na ile, na kila nilipoigeuza ilinipendelea mimi. Hilo tu lingetosha kumshtua fundi yeyote anayejua mizani inavyofanya kazi. Mimi lilinifurahisha.

*

Ijumaa waliniita kama mtaalamu, na nilivaa kama mtaalamu. Sebule ya Bi Mishi ilikuwa imetandikwa mikeka mipya. Mzee Famau alikaa na wazee wenzake upande wa dirishani, kofia zao za viua zimesimama wima kama zimekasirika zenyewe. Bi Mishi alikaa peke yake upande wa ukuta wa ndani. Nyuma ya pazia alikuwa Fatiha, hina mikononi haijakauka vizuri, na wanawake wengine kadhaa walioacha ghafla kuongea nilipoingia. Badi hakuwapo. Bwana harusi havuki kizingiti cha mkewe kabla ya nikaha, kwa hiyo walimkalisha kwa jirani wa ukuta mmoja, Bi Mwanamkuu, asubiri hatima yake kwa chai ya tangawizi.

Mzee Famau alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama programu inaweza kulibadili neno la mtu.

Nikasema hapana. Nikalisema vizuri, kwa sauti ya kifuani, nikawapa nne zangu na mkongojo wangu, na mzee mmoja akatabasamu. Nikawaambia nitawaonyesha kwa ngoma na zumari, kama nilivyomwonyesha Bi Mishi mwenyewe Jumatatu.

"Ngoma haina mdomo, yakhe," akasema Mzee Famau. "Weka wimbo."

Hilo nilikuwa nimelitarajia, nisikudanganye. Kibao changu cha kioo kilikuwa mapajani, nyuma ya meza fupi niliyowekewa, na shuka la meza limekifunika nusu. Kwanza nikauweka wimbo kama ulivyo, ili wausikie ukuta unafanya kazi. Bi Mishi akaimba kutoka ukutani, mbele ya Bi Mishi aliyekaa ameinamisha kichwa, na ulipofika mstari ule wazee wakatazama mikeka. Kisha nikatangaza kwamba sasa naweka nakala ya Zeze na nakala ya Hariri, moja imegeuzwa, na kama kuna tofauti hata ya unywele wataisikia. Kidole kimoja kikabonyeza kucheza. Kidole kingine, chini ya shuka, kikauburuta mstari wa sauti ya ukuta mpaka sifuri.

Kimya. Kilikuwa kimya kizuri, kimenyooka, huwezi kukitofautisha na cha Jumatatu. Nilikiacha kiendelee, maana wimbo una urefu wake na mtaalamu hakatizi majaribio. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akanong'ona kwamba vijana wa siku hizi wanajua mambo. Nami, nikiwa na kidole kwenye uongo wangu, nikaona raha ya kusifiwa ikinipanda shingoni kama kawaida.

"Umesikia, Bi Mishi," akasema Mzee Famau, na hakulisema kwa ubaya. "Zalingana."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina majibu matatu ya kuchekesha. Lakini Bi Mishi alikuwa akiutazama ukuta. Akainua kiganja chake akakiweka mbele ya mdomo wake mwenyewe, taratibu, bila kujali nani anamwona, akalitamka neno lile kwa sauti ndogo. Akalitamka tena. Kisha akakishusha kiganja na kukitazama, kana kwamba hakijui.

Akasema pengine ni kweli. Pengine pumzi imemwisha na hakuna aliyempa habari. Anadhani anapuliza, na hapulizi. Alisema kuna mambo mtu mzima huwa wa mwisho kuyajua juu ya mwili wake, na akamwomba mwanawe amsamehe kwa kuwa karibu amvunjie harusi kwa kiburi cha kitu ambacho labda hana tena.

Nilikuwa nimepima radhi. Hili sikuwa nimelipima. Radhi ni neno la kutoka mdomoni, unalisema na kulitema. Hapa nilikuwa naona mtu anavuliwa kitu alichokuwa nacho hai, anakivua mwenyewe, kwa sababu mimi nimemwambia hakipo. Mstari wa sauti ulikuwa chini ya kidole changu. Kuupandisha ni kazi ya kupepesa jicho. Sikuupandisha. Nikajiambia amalize tu, amalize haraka.

"Mama," akasema Fatiha nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa imechoka kulia, "sema nao yaishe."

Bi Mishi akaiweka sawa leso yake. "Mzee Famau," akaanza, "mimi Mishi binti Kombo, mbele ya wazee hawa—"

Mlango ukasukumwa, pazia likapeperuka, wanawake wakapiga kelele na kujifunika, na Badi akawa amesimama katikati ya mikeka na kanzu yake ya nikaha, bila viatu, kikombe cha chai bado mkononi. Baba yake alimwuliza kwa ukali kama ameingiwa na wazimu, kuvuka mlango huu saa hii. Badi akaomba radhi kwa kila mtu, kwa zamu, kwa adabu zake zote, na hakutoka.

"Kule kwa Bi Mwanamkuu ukuta unapumua," akasema.

Akauelekeza kikombe kwenye ukuta wa ndani.

"Mwanzo ulikuwa wimbo, tukausikia wote. Halafu ngoma zikaisha, maneno yakaisha, zikabaki pumzi. Bi Mwanamkuu amekimbilia jikoni, anasema ni jini." Akamgeukia Bi Mishi, na yule kijana mwenye mabega yale akawa kama mtoto anayeleta habari njema na hajui aanzie wapi. "Si jini, mama. Ni wewe. Nimehesabu maneno kwa pumzi zako. Na palipo na jina langu imetoka moja ya kunirudisha nyuma kwenye kiti. Umeniita ndovu."

Ukuta una pande mbili. Rangi imepakwa huku na imepakwa kule, na mimi nilikuwa nimeuzima upande wetu tu. Sikio wa kata ya Kuze, mwenye muhuri wa baraza la mji, alisahau kwamba ukuta una pande mbili. Na katika kile kimya changu kizuri, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa ameacha kuhema ili asikilize, hata sisi tukaanza kuzisikia, hafifu, kutoka kwa jirani: pumzi, pumzi, kimya, pumzi.

Bi Mishi akainuka, akaliweka sikio lake ukutani, akafumba macho.

Badi hakuwa na haja ya kusikiliza tena. Alikuwa ameligundua shuka la meza, na mkono wangu unaoingia chini yake. Akaiweka chini ile chai.

"Upande ule zapita," akasema. "Upande huu nani kaziba?"

Wazee wakageuza vichwa, kofia moja baada ya nyingine, mpaka zote zikanielekea. Nilikuwa na la kusema. Mimi siku zote nina la kusema. Nikafungua mdomo, na hakikutoka hata kile kiupepo cha kuzimia mshumaa.